Masaa ya Ngilu: Mgombea Mwanamke na Kauli za Wanawake wa Nairobi

Katika kampeni za uchaguzi mkuu wa Desemba 1997, kauli fupi ya maneno matatu ilienea nchini Kenya: Masaa ya Ngilu. Ilikuwa kauli ya kampeni ya Charity Kaluki Ngilu, mbunge wa Kitui ya Kati, aliyewania urais kwa tikiti ya chama cha Social Democratic, yaani SDP. Mwalimu wa Kiswahili angaliikuta katika daftari la mwanafunzi, angaliitia wino mwekundu papo hapo. Neno saa ni la ngeli ya N. Umoja wake ni saa na wingi wake ni saa vilevile. Kiambishi ma- hakina kazi hapo, na wanasarufi wamelikemea neno masaa kwa miaka mingi bila ya kufanikiwa kuliondoa vinywani mwa watu.

Lakini kauli za siasa hazisahihishwi kwa kalamu hiyo. Katika Kiswahili cha Kenya, na hasa kile cha Nairobi, masaa si wingi wa saa tu. Ni neno lenye maana ya wakati maalumu wa jambo fulani: masaa ya kazi, masaa ya jioni, masaa ya kulala. Lau kauli ingalikuwa Saa ya Ngilu, msikilizaji angaliweza kudhani yatajwa saa ya mkononi ya mama huyo. Lau ingalikuwa Wakati wa Ngilu, ingalikuwa sanifu na baridi, mfano wa kichwa cha habari. Na lau ingalikuwa Zamu ya Ngilu, ingalibeba mzigo mzito zaidi, kwa kuwa neno zamu katika siasa za Kenya limezoea kuandamana na kabila. Kila mtu husikia zamu yetu na zamu yao. Neno masaa lilikwepa yote hayo. Lilichukuliwa kutoka kwa watu wa sokoni na wa matatu, likarudishwa kwao likiwa na jina la mwanamke nyuma yake.

Makala haya yanadai kwamba athari ya mwanamke agombeaye cheo kikubwa juu ya wanawake wenzake yapasa kutafutwa kwanza katika kauli, yaani katika yale ambayo wanawake waweza kuyasema hadharani baada yake na ambayo kabla yake hayakuwa na mahali pa kusemewa. Yanadai pia kwamba fasihi ya Kiswahili ya Kenya, ingawa imekwisha kumpa msomaji mgombea mwanamke, haijampa bado wanawake wanaozipokea kauli zake na kuzijibu.

Kwa nini kauli, na si hesabu ya viti? Kwa sababu hesabu yampinga yeyote anayeshika njia ya mkato. Katika uchaguzi wa 1992 wanawake 6 walichaguliwa kuwa wabunge, Ngilu akiwa mmoja wao. Mwaka 1997 wanawake wawili waliwania urais, Ngilu pamoja na Profesa Wangari Maathai wa chama cha Liberal. Ingalitarajiwa kwamba idadi ya wabunge wanawake ingepanda. Ilishuka hadi 4. Ngilu mwenyewe alipata karibu asilimia 8 ya kura za urais, akawa wa tano. Maathai hakufikia hata asilimia 1, na siku chache kabla ya kura palienezwa habari kwamba amejitoa na kumwachia mwingine. Mtu akizitazama takwimu hizo pekee, hatakuwa na budi kusema kwamba wagombea hao wawili hawakumwamsha mwanamke yeyote. Hata hivyo, ugavana ulipoanzishwa kwa Katiba ya 2010, mwaka 2013 hakuchaguliwa gavana mwanamke hata mmoja. Mwaka 2017 walichaguliwa 3, Ngilu akiwa mmoja wao huko Kitui. Mwaka 2022 wakawa 7. Kati ya kauli ya 1997 na magavana wa kwanza pana miaka 20. Athari ya namna hii haiendi kwa mwendo wa kura.

Isitoshe, mwelekeo wa athari hauko upande mmoja kama inavyodhaniwa. Kisa cha Ngilu kuingia katika siasa mwaka 1992 kimesimuliwa mara nyingi: wanawake wa kwao walimwendea nyumbani wakiimba, wakamkuta jikoni akiosha vyombo, wakamtaka agombee. Yaani waliokuwa na hamasa ya kwanza ni wale ambao baadaye husemwa kwamba walihamasishwa. Kauli iliyotungwa miaka mitano baadaye ilikuwa kama jibu la simu iliyopigwa na wengine. Mhakiki anayemchora mgombea kama taa moja inayomulika umati wa giza ameusoma uhusiano huo kinyume.

Kabla ya kuifikia fasihi yenyewe, yafaa kuyatazama kwa karibu maneno machache ambayo mwanamke hukutana nayo anapoingia katika uwanja huo. La kwanza ni lile la kugombea. Shina lake ni gomba, nalo lina maana ya kuteta au kukemea. Mwanamume akigombea kiti, wasemaji hawasikii ugomvi ndani ya neno hilo. Limekwisha kuwa neno la kazi. Mwanamke akifanya vivyo hivyo, maana ya zamani huamka. Mwanamke mgomvi ni lawama ya nyumbani inayojulikana na kila mtu, na mgombea mwanamke hurushiwa lawama hiyo kwa urahisi wa ajabu: ana mdomo, ana hasira, hana mume wa kumtuliza. Martha Karua, wakili aliyeingia Bungeni mwaka huohuo wa 1992, ameandamwa na sifa za aina hiyo katika maisha yake yote ya siasa, ilhali wanaume waliozungumza kwa ukali zaidi yake waliitwa mashujaa.

Kiswahili chenyewe hakina hatia katika jambo hili. Lugha hii haitofautishi jinsia katika sarufi yake: mbunge, rais, gavana, mgombea mwenza, yote hayamfungii mtu yeyote mlango. Wasemaji ndio wanaoongeza. Husemwa mbunge mwanamke, wala haisemwi mbunge mwanamume. Mfano ulio mzuri zaidi ni wa cheo kilichoanzishwa na Katiba ya 2010. Katiba inasema tu kwamba katika Bunge la Taifa watakuwamo wanawake 47, kila mmoja akichaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake, wake kwa waume. Mitaani wameitwa wawakilishi wa wanawake. Kihusishi hicho kidogo cha wa kimefanya kazi kubwa. Mwakilishi aliye mwanamke amegeuzwa kuwa mwakilishi wa wanawake peke yao, na jimbo lake, ambalo kwa Nairobi ni jiji zima pamoja na madereva na mabawabu wake, limepunguzwa nusu kwa silabi moja.

Na kuna jina. Kauli ya Masaa ya Ngilu ilitumia jina la ukoo alioolewa, kama ilivyo desturi, na hakuna aliyeshangaa. Kisa cha Maathai ni tofauti, nacho kingefaa kufundishwa katika kila somo la fonolojia. Baada ya talaka yake mwaka 1979 alitakiwa aliache jina la mume, Mathai. Hakuliacha wala hakuendelea nalo kama lilivyokuwa. Aliongeza irabu moja, akawa Maathai. Urefu wa sauti, ambao wanafunzi huuona kuwa jambo dogo la mazoezi ya matamshi, ulitosha kulifanya jina lililokuwa la mume kuwa la mke. Mtu huyohuyo ndiye aliyejiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982 ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo, akazuiwa kwa hoja ya usajili wa wapiga kura, akapoteza kazi na nyumba ya chuo kwa pamoja. Gharama hiyo yapaswa kukumbukwa kila mara neno hamasa linapotajwa kwa wepesi. Karua, kwa upande wake, ametembea na jina la baba yake tangu mwanzo hadi sasa, na ni jambo la kuangaliwa kwamba jina hilo halijahitaji maelezo.

Ama neno mama, hilo lina utata zaidi ya yote. Mama Ngilu, Mama Miti, Mama Karua: ni heshima, na hapana mtu wa Afrika Mashariki atakayeikataa heshima hiyo. Wanaume nao wamepewa cheo cha ukoo. Jomo Kenyatta alikuwa Baba wa Taifa, na Raila Odinga aliitwa Baba na wafuasi wake. Lakini baba wa siasa ni mwenye amri, na mama wa siasa hutarajiwa awe mlezi. Akitoa amri, amejitoa katika umama. Hivyo ndivyo inavyoonekana kwa mtazamo wa kwanza, na wahakiki wengi wamekoma hapo.

Kilichotokea katikati ya jiji la Nairobi mwaka 1992 chadai kusomwa kwa uangalifu zaidi. Mwishoni mwa Februari mwaka huo, akina mama wa wafungwa wa kisiasa, wengi wao wazee kutoka mashambani, walipiga kambi katika kona ya bustani ya Uhuru wakigoma kula, Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na moshi wa kutoa machozi. Baadhi ya akina mama hao walivua nguo zao mbele ya polisi, tendo ambalo katika mila zao ni laana kwa kijana anayelishuhudia. Wakahamia kanisa kuu la All Saints lililo karibu na hapo, wakakaa karibu mwaka mzima, hata wana wao wakaanza kuachiliwa. Hapo neno mama halikumaanisha mlezi mpole. Lilikuwa ni cheo cha mashtaka: sisi tuliowazaa ndio tunaouliza. Pahali pale pakaitwa Freedom Corner, na ni vigumu kuuelewa ugombea wa Maathai wa 1997 bila ya kuanzia hapo. Mgombea huyo alishindwa vibaya katika sanduku la kura, lakini matumizi yale ya neno mama hayakushindwa. Yamerudi tena na tena katika maandamano ya Nairobi tangu wakati huo.

Kutoka bustani ya Uhuru kwenda magharibi, barabara ya Ngong na ile ya Waiyaki hupita katika mitaa ya watu wenye nafasi kabla ya kufika Kawangware, Riruta, Waithaka na Kangemi. Sehemu kubwa ya eneo hilo ilikuwa ya jimbo la Dagoretti, na jimbo hilo lina historia inayostahili nafasi zaidi kuliko iliyopewa. Margaret Kenyatta alikuwa diwani wa Dagoretti kabla ya kuwa meya wa kwanza mwanamke Mwafrika wa Nairobi, kiti alichokalia kuanzia 1970 hadi 1976. Ni yeye aliyeongoza mkutano wa dunia wa wanawake ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa mwezi Julai 1985 katika jumba la Kenyatta, huku wajumbe wa mashirika yasiyo ya serikali wakikutana hatua chache kutoka hapo, katika uwanja wa Chuo Kikuu. Kisha, mwaka 1997, katika uchaguzi uleule wa Masaa ya Ngilu, Beth Mugo alichaguliwa mbunge wa Dagoretti kwa tikiti ya SDP, chama cha Ngilu. Alikuwa mmoja wa wale wanawake 4, naye akalishika jimbo hilo hadi 2013.

Si haki kudai kwamba Dagoretti iliamshwa na Ngilu. Margaret Kenyatta alikuwa binti wa rais wa kwanza, na Beth Mugo ni wa ukoo huohuo. Jina la ukoo lilifanya kazi ambayo kauli ya kampeni isingeweza kuifanya peke yake. Lakini si haki pia kuyafuta yote kwa hoja ya ukoo. Wapiga kura wa Kawangware waliozoea kwa miaka mingi kuona jina la mwanamke katika karatasi ya kura hawakulazimika kujifunza upya jinsi ya kulisoma. Wengine walilazimika. Mazoea nayo ni sehemu ya kauli, ingawa hayana kelele ya wimbo.

Fasihi imefanya nini na haya yote? Tangu zamani tamthilia ya Kiswahili imekuwa na mwanamke anayeongoza. Katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui, iliyotoka 1981, Lanina anaongoza wafanyakazi wa shamba dhidi ya Delamon, na kesi iliyo ngumu zaidi kwake si ya mwajiri bali ni ile ya nyumbani, ya mume anayeulizwa na wenziwe kwa nini hamtawali mkewe. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando, kutoka upande wa Tanzania, wanawake wanashindwa kuisimamisha nguzo kwa kuwa kila mmoja avutwa na la kwake. Tamthilia hizo mbili ziliandikwa wakati ambapo mwanamke kuwania urais wa Kenya lilikuwa jambo lisilofikirika. Zina viongozi, lakini hazina wagombea.

Mgombea kamili alikuja katika vitabu viwili ambavyo vilikuwa vya lazima katika shule za sekondari za Kenya hadi mtihani wa 2022, vyote vikiwa vimeandikwa na wanawake: tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea, na riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Umuhimu wa jambo hili hauwezi kutiwa chumvi. Vijana wengi wa Kenya walikutana na mwanamke anayewania uongozi wa nchi kwanza darasani, katika Kiswahili, kabla ya kukutana naye mkutanoni.

Katika Kigogo, Tunu anampinga Majoka, mtawala wa Sagamoyo aliyelifunga soko la Chapakazi. Anapigwa, anavunjwa mguu, anarudi kwa magongo, na mwishowe umati waiacha sherehe ya mtawala na kumfuata yeye. Nguvu ya tamthilia iko katika kuonyesha kwamba uwezo wake haukutokana na ufasaha pekee bali na kulijua soko. Lakini msomaji akiwatazama wanawake wengine waliomzunguka, ataona upungufu. Ashua, mke wa Sudi, anabanwa na njaa ya watoto wake baada ya soko kufungwa, anakwenda ofisini kwa Majoka kuomba, anakutwa na Husda, wanapigana. Na akiwa kizuizini anadai talaka kwa mumewe huku wivu juu ya Tunu ukimchoma. Mamapima, muuza pombe haramu wa Mangweni, yu upande wa mtawala hadi mambo yanapobadilika, ndipo anapoomba msamaha. Mmoja humwona mgombea kama mshindani wa kitanda, na mwingine humwona kama hasara ya biashara. Wote wawili ni watu wa kweli, Nairobi inawajua. Tatizo ni kwamba hakuna onyesho ambalo Ashua na Tunu wanakaa chini na kuzungumza juu ya soko, wakati wao ndio wawili wenye haki kubwa zaidi ya mazungumzo hayo. Ashua alikuwa na hoja. Njaa ya watoto wake ni hoja ya siasa kuliko hotuba yoyote ya ukombozi, na lau Tunu angelazimika kuijibu, ugombea wake ungekuwa na uzito zaidi. Badala yake hoja hiyo imepotezwa katika kisa cha wivu.

Chozi la Heri imekwenda mbali zaidi na, kwa upande mwingine, imerudi nyuma. Mwekevu anashinda. Katika nchi ya Wahafidhina mwanamke anachaguliwa kuwa kiongozi, na wasioweza kulikubali hilo wanaiwasha nchi moto. Habari zake nyingi msomaji anazipata kinywani mwa Kaizari, mwanamume, naye anazisimulia akiwa mkimbizi. Uchaguzi wake hufika kwa msomaji ukiwa umekwisha kuwa sababu ya maafa: nyumba ya Ridhaa imeteketezwa pamoja na familia yake, na binti za Kaizari wamenajisiwa. Tila, binti wa Ridhaa, aliyetamani kuwa jaji na aliyeweza kujadiliana na baba yake juu ya mambo ya nchi, yumo miongoni mwa waliokufa. Kwa hiyo msichana ambaye kauli ya Mwekevu ingemfaa kuliko wote ameondolewa, na Mwekevu mwenyewe hasikiki akisema. Huenda ikatetewa kwamba riwaya inaionyesha Kenya ya baada ya uchaguzi wa 2007 kama ilivyokuwa, na kwamba hapakuwa na nafasi ya mazungumzo. Utetezi huo una nguvu. Lakini ghasia za 2007 na 2008 hazikusababishwa na mwanamke kuchaguliwa. Mwandishi aliliingiza jambo hilo kwa hiari yake, na aliyeingiza jambo kwa hiari anapaswa kulipa sauti. Msichana wa kidato cha tatu anayemaliza kitabu anaweza kutoka na funzo ambalo bila shaka mwandishi hakulikusudia, kwamba mwanamke akishinda, wasichana ndio wanaolipa.

Hapa ndipo vitabu vya mwongozo wa mtihani vinapozidisha kosa. Huorodhesha sifa za Tunu na za Mwekevu: jasiri, mwadilifu, mwenye msimamo, mvumilivu. Mwanafunzi hukariri sifa nne na kupata alama nne. Haulizwi ni nani aliyemsikia Mwekevu, wala alisikia nini. Hivyo mgombea hugeuka kuwa sanamu.

Kipindi cha mwaka 2022 kiliweka jambo hili wazi kuliko fasihi ilivyowahi kufanya. Tarehe 16 Mei, katika jumba lilelile la Kenyatta ambamo mkutano wa 1985 ulifanyika, Raila Odinga alimtangaza Karua kuwa mgombea mwenza wake. Miaka tisa kabla ya hapo Karua alikuwa mwanamke pekee kati ya wawaniaji wanane wa urais. Katika mdahalo wa Februari 2013 alisimama peke yake kati ya wanaume saba katika shule moja ya Lang'ata, na kura alizopata baadaye hazikufika asilimia 1. Sasa alikuwa na tikiti yenye uwezekano wa kweli wa kushinda. Tarehe 19 Julai, huko Lang'ata tena, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, alijadiliana na mgombea mwenza wa upande wa pili, Rigathi Gachagua. Midahalo hiyo ya 2013 na 2022 ilifanywa kwa kiasi kikubwa kwa Kiingereza. Jambo hili wahadhiri wa Kiswahili wamelilalamikia kwa sababu za heshima ya lugha. Kuna sababu iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba mgombea anayezungumza kwa Kiingereza hawezi kuacha nyuma yake kauli ya kuokotwa na mwanamke wa Kangemi. Masaa ya Ngilu iliokoteka. Hoja za Karua za mwaka 2022, ingawa ziliandaliwa kwa uhodari wa kiwakili, hazikuacha kauli ya Kiswahili yenye jina lake ndani yake. Neno la muungano wake lilikuwa Inawezekana, nalo ni kitenzi kisicho na mtu ndani yake.

Upande wa pili ulikuwa umekwisha kulichukua neno jingine. Mama mboga, jina la mwanamke anayeuza sukuma wiki na nyanya kandokando ya njia kutoka Kawangware hadi Kangemi, liligeuzwa kuwa bendera ya kampeni ya William Ruto, pamoja na mtu wa bodaboda na wa mkokoteni. Tikiti hiyo ilikuwa ya wanaume wawili, nayo ikashinda kwa tofauti ndogo. Kwa hiyo katika uchaguzi mmoja palikuwa na wanawake wawili jukwaani: mmoja alikuwa akisema, na mwingine alikuwa akisemewa. Mama mboga alitajwa katika kila mkutano, sifa zake zikaimbwa, kapu lake likainuliwa, bali yeye mwenyewe hakuwa na sentensi hata moja. Mgombea mwenza alikuwa na sentensi nyingi, zikampita juu ya kichwa mwenye kapu. Ni Ashua na Tunu tena, katika jiji halisi: wawili waliopaswa kuzungumza juu ya soko hawakukutana.

Kwa mtunzi wa tamthilia hapo pana onyesho ambalo halijaandikwa, nalo halihitaji mtawala mwovu wala chatu. Linahitaji kibanda kimoja cha mboga, mgombea aliyeteremka garini bila ya wapiga picha wake, na muuzaji mwenye maswali matatu juu ya askari wa jiji, maji na karo. Maswali hayo huulizwa kila siku katika vikundi vya kuweka akiba na katika vyama vya akina mama wa mitaani, kwa Kiswahili kile cha masaa ambacho sarufi imekikataa. Vitabu vya lazima vilivyofuata havijalifikia onyesho hilo. Katika Nguu za Jadi ya Clara Momanyi, inayotahiniwa tangu 2023, Mangwasha ndiye anayehamasisha, anayehatarisha nyumba yake na anayefichua hila za wakubwa. Anayesimama kutafuta uongozi na kuupata ni Lonare.